Mahindi ya Kuku

Gerezani, 12 Januari 2025

Mama Imani,

Salamu zangu natamani zifike kabla ya bahasha. Mimi nipo, mwili una nguvu, na kifungo kinapungua polepole. Mama yangu mpe shikamoo yake. Imani muulize kama bado anamkimbia jogoo.

Sasa nisikilize vizuri. Nimetolewa shamba nikapelekwa kwenye banda la kuku. Niko na mfungwa mmoja wa milimani Kipatimu, anaitwa Dominick, na ana jambo ambalo kwetu sijawahi kuliona. Kuku hapewi nafaka kavu. Anapewa iliyochacha.

Chukua ndoo. Tia mtama, chenga, pumba, nafaka yoyote uliyo nayo. Mimina maji yaipite juu kama vidole vinne. Funika kwa kitambaa ili ipumue, ukoroge asubuhi na jioni. Siku ya tatu itatoa povu na utasikia harufu ya togwa, hapo imekuwa tayari. Chuja uwape, lakini maji yake usiyamwage yote, bakiza ya kuanzishia ndoo ya pili. Wetu ni kuku wa kuzurura, waache wazurure mchana kutwa wajitafutie mchwa na panzi wao. Wewe wape hii jioni, karibu na kulala. Watarudi wenyewe, hutawafuata tena kwenye mikorosho ya watu. Na nafaka ikilowa inavimba, kidogo inawashibisha wengi.

Najua hali ya nyumbani tangu niondoke. Samaki siwezi kuleta, unga siwezi kuleta. Hili naweza. Mayai yakiwa mengi Imani atakula, mama atakula, mengine utapeleka Nangurukuru kwa dada yako. Lifanye kama nilivyoandika.

Mumeo,
Abdulrazak


Somanga, 2 Februari 2025

Baba Imani,

Marahaba ya mama hiyo hapo. Ameiitikia kwa sauti mpaka jirani akachungulia, akadhani umerudi. Imani hamkimbii jogoo tena. Siku hizi jogoo ndiye anayemkimbia Imani, na namwonea huruma.

Nilipoisoma barua yako nilisema jela imemharibu kichwa. Mwanamume ambaye alikuwa hajui kuku wake wana rangi gani, leo ananifundisha vidole vinne vya maji! Lakini nikafanya, mume akisema. Jioni ya kwanza waliizunguka sinia wakiitazama kwa pembeni, wakaenda zao kulala. Ya pili walipigana. Sasa jua likiinama tu wamejaa uani, hata yule mwekundu aliyekuwa anataga jikoni kwa jirani Romana. Mayai yapo, Razaki. Imani anakula yai kila siku na mashavu yamerudi. Kwa hilo nakushukuru kwa moyo wangu wote, wala sikutanii.

Ila harufu. Ndoo iko uani, na upepo haujui mipaka. Romana amekuja kuniuliza kwa upole kama nimeanza kupika pombe ya kangara, maana yeye kwao ni Wakristo na kangara anaijua. Wengine hawakuja kwa upole. Baada ya sala ya Ijumaa shemeji Abdulrahmani alikuja mwenyewe kunusa. Akainama, akanusa, akatikisa kichwa, akaondoka na mayai.

Jambo jingine. Mtama umekwisha, na unga wetu wenyewe ni wa kupimia kwa kikombe. Pale dukani njia panda maji ya mvua yameingia ghalani, magunia ya mahindi yamelowa yameota ukungu wa kijani. Mwenye duka anayatoa karibu na bure, anasema ni ya kuku tu. Nimeyashika. Yananuka kama nguo iliyosahauliwa kwenye beseni. Muulize huyo Dominick, je, yanafaa?

Mkeo,
Zakia


Gerezani, 16 Februari 2025

Mama Imani,

Barua yako nimeisoma mara nyingi, na ile ya Abdulrahmani na mayai nimewasomea wenzangu, wamecheka.

Kuhusu mahindi. Sina haja ya kumuuliza Dominick kila kitu kama mwanafunzi. Nami nimekaa bandani, nina macho. Chukua gunia. Chachu inaua kila kitu, ndiyo maana togwa inakaa na uji haukai. Loweka kama kawaida, na yakichacha huo ukungu hutausikia tena hata ukitumbukiza pua. Usiiache bahati hiyo ikachukuliwa na mwingine.

Kuhusu ndoo, iingize ndani. Iweke jikoni, nyuma ya mtungi, uifunike vizuri. Nyumba ya baba yangu Mzee Likwata imeshasemwa vya kutosha kwa baruti ya samaki iliyonifunga. Sitaki isemwe tena kwa pombe. Hilo nalisema kama mwenye nyumba, hata kama niko huku.

Abdulrazak


Somanga, 9 Machi 2025

Baba Imani,

Mfungo umeanza na sisi tumo. Mama hafungi, umri na macho havimruhusu. Mtoto wa jicho sasa ameziba yote mawili, sufuria anaitambua kwa kuipapasa, na bado hataki mtu ampikie.

Gunia nililichukua, ndoo niliiingiza jikoni. Ulisema kweli, siku ya pili ule uvundo ulikwisha. Jiko zima linanukia togwa, na mimi niliyefunga namezea mate kwa chakula cha kuku. Nimecheka peke yangu.

Asubuhi nakwenda Nangurukuru, namsaidia dada kukaanga vitumbua vya futari pale kituoni, narudi magharibi imekaribia. Imani anabaki na bibi yake. Kinachonishangaza ni mama. Unga ulikuwa mdogo, nilihesabu hautafika kumi la kwanza. Lakini kila nikirudi nakuta mtoto ameshiba uji, bakuli limerambwa, na unga wa futari yangu uko vilevile. Nimemwambia mama ana mkono wa baraka. Amecheka tu.

Kuku ndio hawaniridhishi. Vifaranga wa mwekundu wameisha wote. Wakubwa wanasimama kivulini, mbawa zimelegea, upanga wa jogoo umepauka. Mayai yamepungua. Na tangu nianze gunia hili, wanakula kwa kujilazimisha. Nimewaza labda ni mahindi. Niambie.

Zakia


Gerezani, 23 Machi 2025

Mama Imani,

Usiwaze ya kuwaza. Huo ni mdondo. Kila mwaka unapita vijijini msimu kama huu na kila mwaka watu wanatafuta mchawi. Ponda mwarobaini na pilipili kichaa, changanya kwenye maji ya kunywa. Chakula cha ndoo usipunguze, ongeza, wapate nguvu ya kupigana na ugonjwa.

Dominick amehamishwa gereza. Sasa banda lote liko chini yangu, na bwana jela mwenyewe ameniambia kuku wamependeza.

Ile habari ya mkono wa mama imenifurahisha kuliko zote. Mwambie namwombea dua. Idi ikifika mvishe Imani gauni lake, mpige picha kwa simu ya dada yako, uiweke mpaka nitoke.

Abdulrazak


Somanga, 14 Aprili 2025

Baba Imani,

Barua yako ya mdondo imefika.

Ndoo nimeimwaga na nimeivunja. Gunia nimelichoma. Kuku wamebaki watatu, nao nimempa Romana. Naomba usiniandikie tena habari za kuku.

Mama yupo, hali yake ya kawaida. Mvua inanyesha sana, daraja limekatika, magari yamelala upande wa pili.

Zakia


Gerezani, 27 Aprili 2025

Zakia,

Sijui nani amekupa ruhusa. Umechoma gunia zima kwa sababu ya mdondo? Umevunja ndoo? Mimi nakaa huku nafikiria nyumba, ninyi mnachoma. Nikitoka nianze na nini?

Nimeisoma tena barua yako kabla ya kufunga hii. Umeandika mvua, umeandika daraja, umeandika mpaka magari. Imani hujamwandika. Kila barua ulikuwa unamwandika.

Nijibu haraka. Tafadhali.

Abdulrazak


Somanga, 11 Mei 2025

Baba Imani,

Kaa chini kwanza. Kama kuna mtu unayemwamini hapo, mwite akae na wewe.

Imani hatunaye. Alifariki wiki iliyofuata Idi, hospitalini, mchana, mkono wake ukiwa ndani ya wangu. Tumemzika pembeni ya babu yake. Nilipokuandikia ile barua ya mvua alikuwa ameshazikwa, na nilishika kalamu nikashindwa.

Siku ya Idi nilimvisha gauni. Halikufunga, tumbo lilikuwa limevimba na miguu imekuwa vijiti. Nikadhani ni minyoo. Kesho yake akatapika, na macho yakawa manjano kama binzari. Zahanati hawakukaa naye, wakatutuma hospitali. Daktari akaniuliza mtoto anakula nini. Nikasema uji. Akauliza uji wa nini. Akanieleza kwamba ukungu wa mahindi una sumu, na sumu hiyo inakula ini. Kuchachusha hakuiondoi. Kupika hakuiondoi. Inaondoka harufu tu, na harufu ndiyo ingetuonya.

Niliyempikia ni mimi. Unga ulikuwa mdogo, nikachota kwenye ndoo ya kuku, nikatwanga. Mama hajui lolote, anadhani ni homa tu ya watoto, na macho yake hayakuiona ile rangi. Nakuomba kwa haki ya mtoto wetu asijue. Mzigo huu uache kwangu.

Nakupa pole, Razaki. Ukiweza na wewe unipe.

Zakia


Gerezani, 25 Mei 2025

Zakia,

Niliandika mahindi ya kuku. Sikuandika ya mtoto. Mtu mwenye akili timamu angewezaje kuchota kwenye ndoo ile akampa mtoto wake? Ungekuja hata kwa miguu ukaniambia hakuna unga. Ungeomba kwa majirani. Ungelala njaa wewe.

Sina neno jingine. Mimi Abdulrazak bin Likwata nimekuacha talaka moja. Nimemwandikia kaka Abdulrahmani aisome mbele ya mashahidi. Eda ukakae kwenu Nangurukuru.

Abdulrazak


Somanga, 15 Juni 2025

Mwanangu Razaki,

Anayeandika ni Romana. Maneno ni yangu, nimemkataza asiyapambe.

Kaka yako alisimama barazani kwangu na watu wawili, akasoma. Akasoma kwamba Zakia amempa mtoto mahindi ya kuku yenye sumu, mtoto amekufa, kwa hiyo ameachwa. Mimi nikangoja Zakia aseme. Nikasikia anakunja kanga zake. Akaja akanishika mkono, akaniambia, mama nakwenda kwa dada mara moja. Mara moja gani ya mtu aliyebeba mpaka kinu chake?

Basi nisikilize wewe uliyesoma shule. Uji hakupika Zakia. Zakia alikuwa anakaanga vitumbua Nangurukuru na saumu mdomoni. Aliyepika ni mimi mama yako.

Unga ulikuwa kidogo, nikasema huu ni wa Zakia, amefunga na anashinda juani, akirudi ale ugali wake. Nikasikia nyuma ya mtungi kunanukia togwa. Nikafunua, nikatia kidole, nikaonja. Tamu. Mimi nilivyolelewa, togwa nzuri kama ile haimwagiwi kuku wakati kuna mtoto ndani ya nyumba. Nikachota, nikatwanga, nikapika, nikatia sukari. Mtoto akafurahi. Kila siku akawa ananiambia, bibi, ule wa jana. Sikumwambia Zakia kwa sababu niliona haya. Mjukuu wa Likwata anakula cha kuku! Yeye akanisifu nina mkono wa baraka, nami nikacheka.

Hakuna aliyeniambia kuna ukungu. Mimi sioni. Nilikuwa naona kwa pua, na pua ilisema chema.

Sasa nimejua. Nimejua kwa mdomo wa kaka yako mbele ya watu. Zakia alikuwa anajua siku zote hizo, na alikuwa ananipikia na kunikogesha na kunipa pole, na hakunitazama vibaya hata mara moja. Mrudishe mke wako.

Na jingine ulijue. Kabla hajachoma lile gunia nilikuwa nimeshachota debe nikaliweka uvunguni, ndiyo tabia yangu na unanijua, siwezi kuona chakula hakina akiba. Lipo. Naloweka na kunywa uji wake kila asubuhi. Usiniandikie niache.

Mama yako

Mimi Romana naongeza. Hanisikii. Nimelitafuta hilo debe amelihamisha. Macho yake yameanza rangi ya manjano. Fanyeni haraka.


Gerezani, 29 Juni 2025

Zakia,

Nimekurejea. Eda haijaisha, nimemwandikia kaka na shekhe, wewe ni mke wangu tangu leo.

Kwa nini ulinidanganya? Hapana, usinijibu hilo. Nenda Somanga. Nakusihi, nenda ukipata tu barua hii. Debe lile litafute ulimwage. Mama anakusikiliza wewe. Mimi nikimwandikia nitaandika nini? Romana amsomee nini? Nimeanza karatasi tatu nimezichana.

Mwambie ale. Mwambie mwanawe amesema ale.

Abdulrazak


Somanga, 13 Julai 2025

Razaki,

Sikungoja barua yako. Romana alinifuata Nangurukuru mwenyewe, nikaja siku ileile.

Debe nimelipata kwenye chumba cha kuku, chini ya majani waliyokuwa wanatagia. Nimelichimbia. Mama alisikia nachimba, hakunizuia. Aliniambia tu, umechelewa mwanangu, nimeshakunywa mengi. Tumbo limejaa maji. Hospitali tumekwenda, wametupa dawa wakaturudisha, wakasema ale vizuri. Hali. Uji wangu anaushika mkononi mpaka unapoa, ananirudishia bakuli, ananiuliza, huu si wa Imani?

Anasema mkono wake umeua na mkono huo hauwezi kujilisha. Analisema hivyo hivyo, bila kulia, mimi ndiye ninayelia.

Nimemwambia yote niliyoweza. Kwamba mimi nililoweka. Kwamba sikumwonya, kwa sababu sikuwaza. Hayo ni kweli na nimeyabeba. Lakini liko moja sikumwambia. Sikumwambia nani alisema gunia lile linunuliwe wakati mimi nimeuliza. Sikumwambia nani alisema ndoo itoke uani iingie jikoni, kwa kuogopa watu. Wala nani alisema ni mdondo, ongeza. Hilo si langu, Razaki. Hata ulipoandika talaka sikulitaja, na usidhani nilisahau.

Mama anajiona yuko peke yake ndani ya jambo hili. Akijua tulikuwa watatu, pengine atameza kijiko. Mwandikie wewe. Usimwandikie kaka wala mimi, mwandikie yeye. Nimeshamwambia kwamba barua yako inakuja na kuna jambo ndani yake, na tangu hapo kila gari likisimama barabarani anauliza kama ni posta. Maneno mawili yanatosha: niliagiza mimi.

Kunirejea umenirejea, sheria imekupa. Mimi nipo hapa kwa ajili yake.

Zakia


Gerezani, 27 Julai 2025

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Namwomba Mwenyezi Mungu barua hii ikukute umeamka na nafuu. Mimi mwanao ni mzima, napata chakula na nalala vizuri.

Mama, nimepata habari zako na zimenisikitisha sana. Lililotokea ni qadari. Siku za mtoto zilikuwa zimeandikwa na hakuna ambaye angeziongeza. Usijilaumu. Yule mfanyabiashara wa mahindi ndiye asiye na hofu ya Mungu, kuwauzia watu kitu kibovu vile, na siku ya hesabu ataulizwa. Na sisi binadamu sote huwa tunakosea kwa namna moja au nyingine, tunaombeana msamaha.

Nakuomba ule chakula na umeze dawa. Msikilize Zakia, nimemrejea kama ulivyotaka. Huku kazi yangu inasifiwa. Nikitoka nitajenga banda la kisasa, tutaanza upya, na wewe utakaa kwenye kiti unakula mayai tu.

Dua zako ndizo zinazoniweka.

Mwanao akupendaye,
Abdulrazak


Somanga, 10 Agosti 2025

Razaki,

Mama amefariki Jumatano alasiri. Abdulrahmani na watu wa msikitini wamefanya yote kwa heshima. Romana amepika kwa siku zote za msiba. Nyumba nimeifunga, ufunguo uko kwa kaka yako, na mimi narudi Nangurukuru. Nimemwomba shekhe tuachane kwa wema. Usinikatalie, maana sitarudi.

Barua yako ilifika siku mbili kabla. Nitakueleza ilivyosomwa, kwa sababu ni haki yako kujua.

Alisikia bahasha inachanika akaniambia nimkalishe. Nikamweka mito mgongoni, nikamfunga kilemba chake. Akaniambia nisome polepole. Nikasoma shikamoo yako, akaitikia marahaba. Nikasoma qadari. Nikasoma mfanyabiashara. Nikasoma banda la kisasa. Macho yangu yalikuwa yanatangulia mbele kutafuta, yakafika kwenye jina lako, nikakuta karatasi imekwisha.

Mama alikuwa amenigeuzia uso anangoja. Akauliza, bado kuna mengine? Nikasema yapo. Nikaishika karatasi hiyohiyo juu, nikasoma ambayo hayakuwamo. Nikasoma: Mama, mahindi yale niliagiza mimi. Zakia aliniuliza kama yanafaa, nikasema anunue. Ndoo iliingia jikoni kwa amri yangu. Kuku walipoanza kufa nikasema ni mdondo. Hukuwa peke yako, mama, mimi nilikuwa mbele yako. Nisamehe.

Halafu akanishika kidevu, kama alivyokuwa akimshika Imani, akaniambia, hayo umeyaandika wewe, mwanangu. Razaki nimemzaa mimi. Razaki hawezi.

Nikaanza kuikunja barua.

Akanizuia mkono. Akasema, yasome tena.

Nikayasoma tena.

Zakia